Mkeka wa Wazee Wawili wa Pwani ya Tanga

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga kwa barabara hupita Chalinze, akashika njia ya kaskazini mpaka Segera, na hapo akakata kulia kuelekea baharini. Kwa jumla ni mwendo wa kilometa 350 hivi. Akisha kuipita Muheza, mji ambao machungwa yake yanajulikana nchi nzima, huanza kuuona mkonge: safu baada ya safu, zimenyooka kama askari walio katika gwaride, mpaka macho yachoke kuzifuata.

Mkonge ndio uliokuza Tanga. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche michache iliyosalimika katika safari ndefu kutoka Florida, Marekani, ikazaa mashamba makubwa yaliyozunguka mji, yakafuata reli hadi Korogwe na mbele yake. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa kiasi cha tani 230,000 za singa za mkonge. Kisha nyuzi za kutengenezwa viwandani zikaingia katika soko la dunia, bei ikaporomoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 40,000. Tarakimu hizo huandikwa kwa mstari mmoja tu, walakini nyuma ya kila tani iliyopotea ilikuwapo nyumba, na ndani ya nyumba hiyo jiko, na kando ya jiko mwanamke aliyejiuliza usiku huo watoto watalala na nini.

Mwandishi wa makala haya hakwenda Tanga kutafuta habari za mkonge. Alikwenda kutafuta mkeka. Lakini katika pwani ile mambo hayo mawili yalikuwa yamekwisha kusukwa pamoja, na habari ya moja haisemeki pasipo nyingine.

MJI WA NAMBA NA BAISKELI

Tanga ni mji usio na haraka. Katika mitaa ya Ngamiani, barabara hazikupewa majina ya watu wakubwa, bali namba. Mtu akikuelekeza nyumba yake hukwambia barabara ya ngapi, na wewe huhesabu kwa vidole hadi ukafika. Baiskeli ni nyingi, na juu ya baiskeli utaona kila kitu: samaki, mkaa, mama na mtoto wake, hata kabati. Jioni watu huteremkia Raskazone kupunga upepo, na mbele yao, ng'ambo ya maji ya bandari, kimelala kisiwa cha Toten, kimya, kama mtu asikilizaye mazungumzo ya wengine.

Huu ndio mji uliotupa taarabu ya Black Star na Lucky Star, vikundi ambavyo sauti zao zilisikika redioni kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Hadi leo, ukipita uchochoroni mchana, huenda ukasikia ndani ya nyumba sauti ya marehemu Bi Shakila, na mwenye nyumba akiifuatisha taratibu huku akichambua mchele.

Katika soko la Mgandini nilitafuta mkeka wa miyaa. Mikeka ilikuwapo tele, imekunjwa na kusimamishwa ukutani, yenye maua makubwa ya rangi kali. Lakini ilikuwa mikeka ya plastiki. Muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu, aliniambia pasipo kuficha: "Dada, huu ukichafuka unamwagia maji tu, basi. Ule wa miyaa watu wanauulizia, ila wanaousuka ni wazee. Shika njia ya Pangani."

NJIA YA PANGANI

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilometa zipatazo 50, na katika mwendo huo mfupi msafiri hupita juu ya historia nyingi. Kwanza hufika upande wa Machui, ambako alizaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari, 1909, na ambako alizikwa mwaka 1962. Mbele yake ipo Tongoni, yenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, ambayo wataalamu wa mambo ya kale huyahesabu miongoni mwa makusanyo makubwa ya makaburi ya namna hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingine zimeanguka. Nyingine zingali zimesimama, zikitazama bahari ileile iliyowaleta wageni na kuwachukua.

Na ni katika bahari hiyo ya Tongoni na Kigombe ambamo wavuvi walianza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kunasa katika nyavu zao samaki wa ajabu aitwaye silikanti. Mabingwa wa sayansi walikuwa wamemhesabu kuwa ametoweka duniani tangu kale na kale, mpaka mmoja aliponaswa huko Afrika Kusini mwaka 1938. Serikali ilitangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Nilipokuwa nikiipita pwani hiyo nilijiambia kwamba si vyema kufanya haraka kusema kuwa kitu fulani kimekwisha. Huenda kipo, kimetulia tu mahali ambapo wewe hujapatazama.

Kijiji nilichoelekezwa kipo katikati ya minazi, karibu na bahari kiasi cha kusikia maji yakijaa. Nyuma yake, upande wa bara, kuna shamba la mkonge. Chini ya mwembe walikuwa wameketi wanawake saba au wanane juu ya jamvi, na kila mmoja alikuwa na fungu la chane ubavuni pake. Mikono ilikwenda mbio. Midomo nayo haikuachwa nyuma.

"Hodi, shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nikakaribia, na papo hapo nikatupiwa fungu la chane. Katika baraza ile hakuna mgeni wa kutazama tu.

UKILI HAUTAKI PUPA

Kwa faida ya msomaji aliyezaliwa mjini, ni vyema kueleza kazi yenyewe. Mkeka huanza porini, katika mkindu au katika mkoma. Hukatwa majani machanga, yale ambayo bado hayajakunjuka, kwa kuwa yaliyokomaa huvunjika. Majani huanikwa juani mpaka yaache rangi ya kijani na kuwa meupe. Kisha huchanwa kwa ukucha au kwa kisu, na kila kipande chembamba huitwa uchane. Zile zitakazotiwa rangi huchemshwa chunguni. Zamani rangi zilitoka katika miti na mizizi: nyeusi kwa mdaa, manjano kwa bizari, siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani. Baada ya hapo chane hurudishwa juani, na kabla ya kusukwa hurashiwa maji kidogo ili zilainike.

Ndipo huja kusuka. Chane hupishana juu na chini, zikageuzwa ukingoni na kurudi, hata ukatokea utepe mrefu uitwao ukili. Ukili hupimwa kwa pima, nao huviringwa kama gurudumu kadiri unavyorefuka. Zikitimia pima za kutosha, kili hushonwa ukingo kwa ukingo, na mkeka ukazaliwa. Kwa mikono hiyohiyo na miyaa hiyohiyo hutoka msala wa kuswalia, kikapu cha sokoni, kawa la kufunikia chakula na kipepeo cha kupulizia moto.

Ndugu msomaji, kwa macho kazi hii ni rahisi. Mimi nilijaribu kwa muda wa nusu saa. Bibi mmoja alichukua kazi yangu, akaipapasa kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akanirudishia na kusema kwa upole: "Mwanangu, huu si ukili. Huu ni ugo wa mbuzi."

Baraza zima lilicheka, nami nikacheka. Ilinichukua muda kutambua kwamba bibi yule aliupapasa ukili wangu kwa sababu hakuweza kuuona.

MTU WA PWANI NA MTU WA BARA

Bibi huyo nitamwita bibi wa pwani, kwa kuwa alizaliwa papo hapo, akaolewa na mvuvi papo hapo. Kulia kwake, bega kwa bega, alikaa mwenzake, ambaye nitamwita bibi wa bara. Huyu alizaliwa Kigoma. Alifika mwanzoni mwa miaka ya 1960, msichana aliyeolewa karibuni, akimfuata mume wake aliyekuwa manamba, yaani mmoja wa maelfu ya vijana walioandikwa huko magharibi na kusini na kuletwa kukata mkonge. Walipewa chumba katika kambi ya shamba. Hakujua bahari wala nazi, na Kiswahili chake, kama alivyoniambia mwenyewe, "kilikuwa cha kuombea maji tu."

Walikutana kisimani. Mwenyeji alimwona mgeni akihangaika na ndoo isiyokuwa na kata, akampa kata yake, na kesho yake akaenda kambini kuidai. Hakuikuta kata, kwa maana ilikuwa imekwisha kupasuka. Alichokikuta ni mwanamke aliyekuwa akilia kwa upweke. Akakaa naye. Siku iliyofuata alirudi na fungu la chane, akamwambia kwamba mtu mwenye kazi mkononi hulia kidogo zaidi.

"Ile kata hajanilipa mpaka leo," alisema bibi wa pwani, akimgeuzia mwenzake uso ambao haumwoni.

"Nitailipa siku utakapoacha kunidai," akajibu bibi wa bara.

MIAKA YA FOLENI

Walisuka pamoja miaka mingi kwa furaha tu ya kusuka. Kisha dhiki ikaja, na kusuka kukawa riziki.

Wazee wengi wanaikumbuka miaka hiyo. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina ya taifa. Mafuta yalipanda bei. Mazao tuliyouza nje yaliteremka bei, na mkonge ndio ulioteremka kupita kiasi. Fedha za kigeni zikawa adimu, na bidhaa zikaadimika pamoja nazo. Watu walipanga foleni kwa sukari, kwa sabuni, kwa mafuta ya taa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Huko shambani, mume wa bibi wa bara aliambiwa kuwa kazi haipo tena. Akarudi chumbani na panga lake, akaliweka nyuma ya mlango, akakaa.

Wazee hawa husimulia mambo ya miaka hiyo kama watu wasimuliao safari ngumu waliyofika salama. Walifulia majani ya mpapai. Walikunywa chai kwa kipande cha muwa. Mikeka na vikapu vyao walivipakia katika lori lililokwenda Korogwe, na lori likarudi na mahindi na maharage. Mmoja akipata, hakujifungia mlango.

Katika masimulizi yote, lililowachekesha zaidi ni la kanga. Walikuwa na doti moja tu iliyofaa kuvaliwa mbele za watu, nayo ilikuwa ya wote wawili. Ikitokea harusi, mmoja alikwenda, na mwingine akabaki nyumbani akisuka na kungoja habari. Zikaja harusi mbili katika mwezi mmoja, na wote wawili walitaka kwenda zote mbili. Basi wakachukua mkasi, wakaikata doti katikati, kila mtu akajifunga kipande kimoja juu ya gauni lake kuukuu, wakaingia harusini wameshikana mikono. Watu wakawacheka. Ilipofika harusi ya pili, wanawake wengine wanne wakaja hivyo hivyo, jozi kwa jozi.

"Ukituona ungedhani ndiyo mitindo mipya," alisema bibi wa bara, huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Ama kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo tumeizoea mno, hata hatuisikii tena. Chini ya mwembe ule niliisikia upya.

UKILI WA MIKONO MIWILI

Mume wa bibi wa bara alifariki, na ndugu zake wa Kigoma wakampelekea habari kwamba arudi kwao. Nauli ilipatikana katika upatu wa wanawake wa kijiji. Walimpa zamu ambayo haikuwa yake. Mizigo ikafungwa. Asubuhi ya safari, bibi wa pwani alifika mlangoni, mkononi ana gurudumu la ukili.

Hapa inafaa nieleze siri moja ya kazi hii. Kila mkono una mvuto wake. Yupo mwenye kukaza, yupo mwenye kulegeza. Na kili za wasukaji wawili zikishonwa katika mkeka mmoja, mkeka huvuta upande, hauwezi kutandika sawasawa. Wasukaji huchukua miaka mingi kabla mikono yao haijalingana. Wawili hawa walikuwa wamekwisha kulingana, na ukili aliouleta siku ile ulikuwa nusu ya mmoja na nusu ya mwingine, haujamalizika.

Hakumwomba abaki. Alimwuliza tu: "Huu sasa nimalize na nani?"

Bibi wa bara aliutua mzigo. Nauli ikarudi katika upatu, ikamfikia mwenye zamu. Tangu hapo Kigoma amekwenda kusalimia mara mbili, na mara zote mbili alirudi.

Mmoja ni Mwislamu, mwenzake ni Mkristo. Siku ya Idd sahani hutoka nyumba moja kwenda nyingine ikiwa imefunikwa kawa. Siku ya Krismasi kawa lilelile hurudi juu ya sahani nyingine. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, waliambiwa watu wasikaribiane. Wakaukunjua mkeka mrefu, mmoja akakaa mwanzo wake na mwingine mwisho wake, wakaendelea kuzungumza kwa sauti kubwa kidogo.

Macho ya bibi wa pwani yalianza kufifia polepole, hata nuru ikatoweka. Wengine walidhani ataacha kusuka. Lakini vidole vyake havikuhitaji macho kusuka. Vilihitaji macho kwa jambo moja tu, nalo ni rangi. Kwa hiyo kila asubuhi bibi wa bara huzipanga chane: nyeupe mbele, nyeusi kushoto, nyekundu kulia. Mara kwa mara katikati ya mazungumzo utasikia:

"Shoga, huu ni mwekundu?"

"Mweusi huo, shoga. Usinivurugie maua."

Aliyefundishwa sasa ndiye macho ya aliyemfundisha. Niliushika ukili wao, nikaugeuza huku na huku. Sikuweza kuonyesha ni wapi mkono mmoja uliishia na mwingine ukaanza.

KUNUNUA NA KUTONUNUA

Isidhaniwe kwamba mambo ni mepesi. Tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, baraza hili lilipata wateja wengi wa vikapu. Baadaye mifuko ya namna nyingine ikajaa sokoni, na wateja wakapungua. Ukindu nao unafuatwa mbali zaidi kuliko zamani. Mchuuzi hununua kwa bei ndogo kijijini na kuuza kwa bei kubwa mjini. Na katika wanawake wale wote, aliyekuwa kijana alikuwa mmoja tu, mjukuu wa bibi wa bara, ambaye hufundishwa na bibi wa pwani kwa kushikwa vidole.

Nilinunua kikapu kimoja na vipepeo viwili. Kisha nikauona mkeka uliokunjwa na kufungwa kwa kamba, umewekwa juu ya boriti za nyumba. Ncha yake iliyojitokeza ilikuwa na maua mekundu na meusi, laini kama nguo. Nikasema kwamba huo ndio niliokuja kuutafuta, nikauliza bei.

Wote wawili wakanyamaza kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nilipofika.

"Huo hauuzwi, mwanangu," akasema bibi wa bara. "Huo tumeusuka sisi wawili, kwa ajili yetu. Atakayetangulia, utatandikwa siku ya matanga yake, watu waukalie."

Nikauliza, bila ya kufikiri sana: "Na atakayebaki?"

Bibi wa pwani alikuwa amekwisha kurudi katika ukili wake. Hakuinua uso.

"Atakayebaki naye atakaa pale pale juu yake. Atakaa wapi kwingine?"

Mwenzake akamsukuma kwa bega, akamwambia kwamba kabla ya hayo yote ipo kata moja ya kulipwa. Baraza likacheka tena, na mikono ikarejea kazini.

Nilirudi Tanga na basi la jioni, kikapu changu magotini. Abiria mmoja aliniuliza nimekinunua wapi, mwingine akaniuliza bei, na kabla hatujafika Ngamiani tulikuwa watu watano tunaozungumza. Kwetu sisi wa mijini, ambao dhiki ikitupata hufunga mlango ili jirani asijue, wazee wale hawakunipa mahubiri yoyote. Walinipa chane, wakanisogezea nafasi juu ya jamvi. Nyumbani ningali ninao ule ukili wangu, ugo wa mbuzi. Nimeahidi kurudi, nikausuke tena.